Mafuta ya breki: kuna haja ya kuyabadili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki hapa gereji, Tanga, naulizwa jambo hili, na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu: "Fundi, breki zinashika vizuri, kwa nini nimwage mafuta mazima?" Ni swali la haki. Oili ya injini mtu anaiona ikiwa nyeusi, tairi analiona likiisha kashata, lakini mafuta ya breki yamefungiwa kwenye mabomba, hayaungui wala hayatoi moshi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu yangu yanahusu magari madogo tunayoendesha wengi wetu, yale yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu.

Kwa kifupi, ni lazima kuyabadili?

Ndiyo. Kwa gari linaloishi pwani au linalopanda na kushuka milima, kila baada ya miaka miwili. Kwa gari la bara kwenye ukavu na tambarare, miaka mitatu inavumilika. Hesabu ni ya kalenda, si ya kilomita. Gari lililofunikwa turubai uani miaka mitatu wakati mwenyewe yuko masomoni nalo linadaiwa, hata kama mita haijasogea.

Mafuta hayatoki nje wala hayaungui. Yanaharibikaje?

Yanakunywa maji. Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta ya petroli hata kidogo. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, na tabia yake ni kuvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya jikoni ukiiacha wazi Tanga wakati wa masika, asubuhi unaikuta imelowa. Mafuta ya breki yana tabia hiyohiyo, ila yenyewe hayaonyeshi. Maji yanapita polepole kwenye kuta za zile paipu za mpira karibu na matairi, yanapita kwenye kitundu cha hewa cha kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo kilicho chini ya boneti, na yanaingia kila mtu anapofungua kifuniko "kuangalia tu".

Wengine wakisikia hivyo wanauliza kwa nini watengenezaji hawakutafuta kitu kisichovuta maji. Unyevu utaingia tu, upende usipende. Kwenye mafuta yasiyochanganyika na maji, matone yangejikusanya mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya kalipa (kile kibano kinachokandamiza pedi kwenye diski), karibu kabisa na pedi zenye moto. Hapo yangechemka kwa nyuzi 100 na kuotesha kutu palepale. Glaikoli inayatawanya maji kwenye mfumo mzima yasifanye dimbwi. Ni sifa nzuri, lakini inafanya kazi kwa muda, na muda huo ukipita mafuta yote yanakuwa yamedhoofika kwa pamoja.

Kiasi cha kudhoofika kinajulikana, kwa sababu viwango vya DOT, vile vya Marekani vinavyoandikwa kwenye chupa, vinapima mara mbili: mafuta yakiwa mapya, na yakiwa yamenyonya maji ya kama asilimia 3.7. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishalowa, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanza na 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 inatoka 260 hadi 180. Kwa DOT 3, ambayo ndiyo magari mengi ya Kijapani yalianza nayo, chini ya asilimia nne ya maji inaondoa nyuzi 65. Maji yakizidi hapo, kiwango kinaendelea kushuka.

Yakichemka kuna ubaya gani? Si yatapoa tu?

Yatapoa, na ndiyo sababu tatizo hili linawapotosha hata mafundi.

Breki za gari zinategemea kwamba kimiminika hakibonyezeki. Unakanyaga pedeli, masta silinda (pampu iliyounganishwa na pedeli) inasukuma mafuta, na nguvu inafika kwenye pedi. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke ni kama hewa, unabonyezeka kama mpira wa watoto. Unakanyaga, mguu unakwenda hadi kwenye kapeti, gari haliitikii.

Mwaka 2014 lilinipata mwenyewe. Tulikuwa tunatoka msibani Lushoto, watu wanne ndani ya gari dogo la shemeji yangu, mimi ndiye dereva. Gari lilikuwa otomatiki, nikaliacha kwenye D tangu juu na kushikilia breki kila kona, mbio za kuwahi Mombo kabla ya giza. Baada ya kuipita Soni pedeli ikaanza kuwa laini, kisha ikazama. Nilivuta handibreki na kulisukuma gari kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza ubavu mzima hadi liliposimama. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Tukakaa kando ya barabara karibu saa moja. Nilipojaribu tena, pedeli ilikuwa ngumu kama ya gari jipya. Fundi tuliyemwona kesho yake alifungua matairi yote manne, pedi nzima, hakuna panapovuja, akasema ni wasiwasi wa dereva tu. Hakuuliza mafuta yana umri gani, na wakati ule mimi mwenyewe sikuwa najua kwamba ni swali la kuuliza. Mafuta yalikuwa yaleyale yaliyokuja na gari kutoka Japani miaka sita nyuma.

Tangu siku hiyo sijaacha kuuliza.

Tazama hesabu yenyewe. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi Mombo ni karibu mita 900. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria likishuka kimo hicho linaachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji, yaani ndoo moja kubwa na nusu, kuanzia maji ya mtungi hadi yanatokota. Ukitumia gia nzito, sehemu kubwa ya joto hilo inabebwa na injini. Usipotumia, sehemu kubwa inaishia kwenye breki, zaidi diski mbili za mbele na mafuta machache yaliyo nyuma ya pedi. Kitonga, Sekenke, mteremko wa kwenda Mai Mahiu upande wa Kenya, kote hesabu ni hiyohiyo.

Mimi naendesha mjini tu, kwenye foleni. Miaka kumi sijabadili na sijawahi kupata shida.

Nakuamini. Kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, breki hazipati joto la kutisha, na mafuta yaliyolowa yatakuhudumia kila siku bila kulalamika. Ubaya wake ni kwamba unapimwa siku moja tu: siku ya kwenda harusini Lushoto gari limejaa, au siku unapokanyaga breki mara tatu mfululizo ukiwa kwenye 100 kwa sababu ya ng'ombe na lori. Huwezi kuijua siku hiyo mapema.

Halafu lipo jambo la pili, ambalo halihitaji mlima.

Jambo gani?

Kutu. Mafuta mapya yana dawa ya kuzuia kutu, nayo inakwisha kadiri miaka inavyokwenda. Maji yakibaki humo bila dawa, chuma kinaanza kuliwa kwa ndani: pistoni za kalipa zinafanya vidoti, silinda ndogo za matairi ya nyuma zinachubuka na kukata raba, masta silinda inaanza kupitisha, yaani mafuta yanapenya raba na kurudi badala ya kusukumwa mbele. Naziona kila mwezi. Mteja analeta gari akisema tairi moja linanuka kuungua, nafungua nakuta pistoni imeganda kwa kutu na pedi zimeng'ang'ania diski.

Kwenye gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia matairi kufunga ukikanyaga breki kwa nguvu, ni ghali zaidi. Ndani ya ile bloku ya ABS mna vali ndogo ndogo na njia nyembamba. Uchafu na kutu vikiingia humo, hakuna raba ya kununua dukani ukabadilisha. Unanunua bloku nzima, mara nyingi iliyotumika, ukiomba nayo isiwe na ugonjwa uleule. Bei ya chupa mbili za mafuta ya breki haifanani hata kidogo na bei hiyo.

Huko Japani wanabadili kweli, au ni biashara ya gereji?

Wanabadili. Japani gari binafsi jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima, unaoitwa shaken, baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Sheria haisemi mafuta ya breki yamwagwe, lakini gereji nyingi huyabadili kila gari linapoingia kwenye ukaguzi huo, na wenye magari wamezoea. Kwa hiyo gari ulilolinunua likiwa na miaka tisa au kumi huenda mafuta yake yameshabadilishwa mara tatu au nne.

Kisha linafika kwetu na mazoea yanakoma. Tunabadili oili, plagi, pedi, hata rangi. Mafuta ya breki yanabaki yale ya shaken ya mwisho, sasa yakiwa kwenye joto na unyevu wa bahari ya Hindi. Ukilitoa gari bandarini, ifanye kazi hii pamoja na ile servisi ya kwanza ya oili. Hujui lilikaa uwanjani na melini muda gani.

Mbona watengenezaji hawakubaliani? Kitabu kimoja kinasema miaka miwili, kingine hakisemi kitu.

Ni kweli, hawakubaliani. BMW na Mercedes-Benz wanasema kila miaka miwili. Honda wanasema mitatu. Tesla wanataka mafuta yapimwe kila miaka minne na kubadilishwa yakihitaji. Na kwa soko la Marekani, vitabu vya magari mengi kwa miaka mingi viliandika "kagua" tu, bila neno "badili". Ndiyo sababu kwenye mtandao utakutana na Mmarekani mwenye pikapu ya miaka 15 anayeapa kwamba jambo hili ni wizi wa gereji.

Simwiti mwongo. Lakini kitabu kinaandikwa kwa dereva fulani na hali ya hewa fulani, na wakati mwingine kwa kampuni inayotaka gharama za servisi zionekane ndogo kwa mnunuzi. Kitabu cha gari lako kikitaja muda, ufuate. Kisipotaja, jiulize kama gari linalala Arizona au linalala Pangani.

Nikiangalia rangi nitajua?

Rangi inasema kidogo. Mafuta mapya ni meupe kama maji au manjano hafifu. Yakiwa meusi kama kahawa, yabadili bila kubishana, kwa sababu hayo ni masizi ya raba na metali iliyoliwa. Lakini kinyume chake si kweli: mafuta yanaweza kuwa masafi ya kupendeza na yamejaa maji. Maji hayana rangi. Tena, unachokiona kwenye kikopo ni mafuta yaliyo mbali na moto. Yaliyo kwenye kalipa ndiyo yenye habari, na hayo huyaoni mpaka uyatoe.

Fundi alichovya kalamu yenye taa, ikawaka nyekundu. Niiamini?

Ile kalamu inapima jinsi umeme unavyopita kwenye mafuta na kukisia maji kutokana na hapo. Aina tofauti za mafuta zinapitisha umeme tofauti hata zikiwa mpya, kwa hiyo inaweza kukosea pande zote mbili. Ikiwaka nyekundu kwenye mafuta ya miaka minne, haijakwambia kitu usichokijua. Ikiwaka kijani kwenye mafuta ya miaka minne, mimi siiamini. Kipimo cha kweli ni kile kinachochemsha tone la mafuta na kusoma nyuzi, lakini gereji chache za kwetu zinacho. Kuna pia vijikaratasi vinavyopima shaba iliyoyeyuka kwenye mafuta. Shaba ikipanda ni dalili kwamba dawa ya kutu imekwisha. Kama huna hivyo vyote, tarehe inatosha. Iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkanda wa gundi, uubandike karibu na kikopo.

Niweke DOT ipi?

Soma kifuniko cha kikopo. Kikisema DOT 3, weka DOT 3 au DOT 4. Zinachanganyika, na kwa sisi wa milimani mimi hupendelea DOT 4, kwa sababu hata ikilowa inavumilia moto zaidi. Kikisema DOT 4, usirudi chini kwenye DOT 3. Magari mengi mapya, hasa ya Ulaya yenye mifumo ya kuzuia kuteleza, yanataka DOT 4 nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mifumo hiyo. Hapo tafuta ileile iliyotajwa kitabuni.

Jihadhari na DOT 5 isiyo na ".1". DOT 5.1 ni glaikoli kama hizo nyingine. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki nazo, na si ya kuweka kwenye gari lako la ABS. Nukta moja tu inatenganisha vitu viwili tofauti kabisa, na nimeshaona chupa hizo zimepangwa pamoja dukani.

Kikopo kimepungua. Niongeze tu?

Kwanza jua kwa nini. Pedi zikiisha, pistoni zinasogea mbele na mafuta yanazifuata, hivyo kikopo kinashuka taratibu. Hiyo ni kawaida, na ni taarifa kwamba pedi zinakaribia mwisho. Ukijaza hadi juu, siku ya kuweka pedi mpya mafuta yatafurika na kula rangi ya gari. Ikiwa yameshuka ghafla, panavuja, na hapo huondoki gereji mpaka paonekane. Angalia nyuma ya matairi kwa ndani, na chini ya masta silinda upande wa miguu ya dereva.

Kuongeza si kubadili. Mafuta mapya yanakaa juu kwenye kikopo, machakavu yanabaki kwenye kalipa.

Niliishiwa safarini, nikaongeza oili ya injini kidogo. Kuna neno?

Kuna neno kubwa. Usiendeshe tena. Raba za breki zimetengenezwa kuishi na glaikoli. Oili ya injini, ya gia au ya pawa stelingi inazivimbisha na kuzilainisha, mpaka masta silinda inashindwa kurudi na breki zinashika zenyewe au zinakataa kabisa. Ukigundua mapema, oili ikiwa bado kwenye kikopo tu na pedeli haijakanyagwa, inaweza kunyonywa na kusafishwa. Ikishapita kwenye mabomba, raba zote zinabadilishwa: masta silinda, kalipa, silinda za nyuma, paipu za mpira, na bloku ya ABS kama ipo. Nawaambia hivi kwa uchungu, kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu wema wanaojaribu kusaidia njiani. Hata kuosha raba kwa petroli au mafuta ya taa ni kosa hilohilo. Raba za breki zinaoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti.

Kazi inafanywaje? Naweza kuifanya nyumbani na kijana wangu?

Kwa gari la kawaida lisilo haibridi, yaani lisilochanganya injini na mota ya umeme, mkiwa watu wawili wenye subira, ndiyo. Mnahitaji lita moja ya mafuta mapya kwenye chupa zisizofunguliwa, spana ya duara inayokaa sawasawa, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, na chupa ya kupokelea.

Nyonya kwanza mafuta machakavu ya kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Usikiache kikopo kitupu kabisa, hewa itaingia. Kisha anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Kama skrubu ya kutolea hewa imeshika kutu, ipulizie dawa ya kulegeza tangu jana yake. Ikikatika, umepata kazi mpya. Chomeka mpira, mwisho wake uzame kwenye mafuta ndani ya chupa. Mmoja anakanyaga pedeli polepole na kushikilia, mwingine anafungua, mafuta yanatoka, anafunga, ndipo pedeli inaachiliwa. Funga kabla ya kuachia, kila mara. Endeleeni mpaka yatoke meupe bila povu, huku mkijaza kikopo kila baada ya mikanyago michache, halafu nendeni tairi linalofuata.

Nina angalizo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kwenye gari la zamani, usikanyage pedeli mpaka mwisho. Weka kipande cha ubao chini yake. Sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo kwa kawaida haifikiwi huwa na kutu, na raba ikiburuzwa juu yake inachanika. Mtu anamaliza kublidi (ndiyo kazi hii ya kutoa hewa na mafuta machakavu) vizuri, keshokutwa masta silinda inapitisha, anailaani chupa mpya.

Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi palepale. Na mafuta yaliyotoka usiyarudishe, hata yakionekana safi.

Vipi haibridi, na gari lenye ABS?

ABS ya kawaida haikuzuii, mradi hewa haikuingia. Hewa ikishaingia ndani ya bloku, magari mengi yanadai kompyuta ya kuendesha pampu na kuitoa. Kwa haibridi nasema peleka kwa anayezijua. Kwenye Prius na ndugu zake kuna pampu inayoweka mafuta kwenye shinikizo kubwa, na inaweza kuwaka yenyewe ukifungua tu mlango. Si mahali pa kujaribu.

Wenye magari ya umeme na haibridi hujitetea kwamba breki zao hazichakai kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo. Pedi kweli zinadumu. Unyevu lakini hausubiri pedi.

Baada ya kubadili pedeli imekuwa laini kuliko mwanzo.

Hewa imebaki. Rudia kublidi, ukianza na lile tairi la kwanza, na hakikisha kikopo hakikukauka katikati. Ikiwa pedeli inazama polepole ukiikanyaga bila kuachia na hakuna panapovuja, masta silinda inapitisha. Usitoke barabarani na pedeli laini kwa matumaini kwamba "itajirekebisha".

Chupa imebaki nusu. Niitunze?

Ukiifunga vizuri unaweza kuitumia siku chache zijazo. Baada ya miezi, hapana: ilianza kunywa unyevu siku uliyoifungua. Nunua chupa ndogo ndogo. Dukani angalia lakiri ya mdomoni haijaguswa na namba ya DOT imeandikwa wazi. Tafadhali sana, usiyahifadhi mafuta ya breki, mapya au machakavu, kwenye chupa ya soda au ya maji. Ni sumu, na rangi yake mtoto anaidhania juisi.

Pikipiki yangu ina breki ya diski mbele. Inahusika?

Inahusika, na zaidi ya gari. Kikopo chake ni kidogo sana, kiko juu ya usukani kwenye jua na mvua siku nzima. Bodaboda anayepandisha abiria na mizigo milimani abadili kila mwaka. Ni kazi ya nusu saa.

Pesa ni kidogo. Nianze na nini?

Panapovuja kwanza. Kisha pedi zilizokwisha na diski zilizochimbika. Kisha mafuta. Sitamwambia mtu mwenye pedi za kukwaruza chuma akanunue DOT 4. Lakini kama matairi yanafunguliwa kwa ajili ya pedi, mwambie fundi afanye na mafuta siku hiyohiyo, kwa kuwa nusu ya kazi imeshafanyika.

Niko mteremkoni sasa hivi na pedeli imezama. Nifanye nini?

Usizime injini, utapoteza wepesi wa usukani. Pampu pedeli harakaharaka, mvuke unaweza kubanwa na breki ikarudi kidogo. Shusha gia moja moja hadi nzito. Kwenye otomatiki tumia 2, L au B, usiweke frii. Vuta handibreki taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake, ili uikaze na kuilegeza bila matairi ya nyuma kufunga. Washa taa za hatari, piga honi, na ukiona ukingo wa mlima upande wako, ubavu wa gari ni wa kukwaruzwa.

Ukishasimama, weka mawe kwenye matairi na usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Pedeli itarudi kuwa ngumu baada ya muda. Isikudanganye kama ilivyomdanganya yule fundi wetu: maji bado yamo humo. Shuka kilichobaki kwa gia ya kwanza, ukisimama kupumzisha breki kila zinapopata joto, au ita gari la kuvuta, na ubadili mafuta kabla ya safari nyingine yoyote.